Jina Lako la Intaneti Likishikwa na Mwengine: Maelekezo kwa Wenye Nyumba za Wageni na Manahodha

Mtu akija barazani kwangu hapa Langoni, Lamu, akaniambia ameibiwa jina la intaneti, kwanza nampa kalamu na karatasi. Andika jina lako herufi kwa herufi, kisha chini yake andika lile unalolilalamikia. Wengine hunyamaza hapo hapo. Yeye ni Shela, yule ni Shella kwa l mbili. Yeye ana kistari katikati, yule hana. Yeye anaishia .co.ke, yule .com. Kwa mitambo ya intaneti hayo ni majina mbalimbali kabisa, kila moja linauzwa peke yake, na anayetangulia kulipa ndiye apewaye. Msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, haulizi wewe ni nani wala nyumba yako iko mtaa gani. Herufi kubwa na ndogo tu ndizo hazina tofauti.

Kwa hiyo mtu kusajili jina lililofanana na lako si kosa peke yake. Kosa, likiwapo, liko katika nia na matumizi, na mzigo wa kulithibitisha utaubeba wewe. Mimi kazi yangu ni kuwatengenezea watu tovuti na, msimu ukichanganya, kuwajibia barua za wageni. Sheria sikusomea. Lakini kwa kuwa mimi ni binti wa mtaa, watu hunijia kabla ya kumwendea wakili, na haya ndiyo ninayowaelekeza.

Tazama jina limeandikwa kwa nani

Kwa majina ya .com na wenzake, fungua lookup.icann.org uandike domeni yenyewe, yaani hilo jina la intaneti pamoja na mkia wake. Kwa yanayoishia .ke, nenda kwa KeNIC, shirika linalosimamia majina yote ya Kenya. Utatolewa maelezo mengi ya kutisha macho. Wewe tafuta manne: siku jina liliposajiliwa, siku litakapokwisha, kampuni iliyolisajili, na seva, yaani kompyuta, linakoelekezwa. Ukiona neno clientTransferProhibited usishtuke, ni kufuli ya kawaida dhidi ya wizi.

Jina la mwenyewe huenda usilione. Tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutumika, wasajili wengi huficha majina na simu za wateja wao. Hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu siku ya kusajiliwa ndiyo inayoamua mengi. Ikiwa domeni ilisajiliwa mwaka 2009 na wewe nyumba umeifungua 2016, hakuna mwamuzi atakayekubali kwamba mtu huyo alikuwa akikuwinda wewe.

Piga picha ya skrini ya ukurasa huo, tarehe ionekane. Piga na tovuti yenyewe, kila ukurasa. Fanya hivyo kabla hujamwandikia mtu neno lolote, maana barua yako ya kwanza ikifika tu, ukurasa hubadilika.

Mara nyingi hakuna mwizi

Niseme wazi jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia: ugomvi mwingi unaonifikia si wa wizi. Ni wa rafiki. Mgeni alikuja Shela, akapenda, akarudi kila mwaka, siku moja akamwambia nahodha, "Nitakutengenezea tovuti, zawadi yangu." Akaisajili domeni kwa barua pepe yake na kuilipia kwa kadi yake. Au ni kijana fulani aliyelipwa kutengeneza tovuti, akahamia Nairobi. Ni sawasawa na kumpa fundi pesa za kujenga, naye hati ya kiwanja akaiandikisha kwa jina lake. Nyumba unailala wewe, kiwanja ni chake.

Nahodha mmoja ninayemjua, anayepeleka watu Takwa na Manda Toto, tovuti yake ilizimika Desemba, mashua zote zikiwa na kazi. Alikuwa na hakika jirani yake ndiye mchawi. Kumbe kadi ya rafiki yake Ulaya ilikuwa imekwisha muda, malipo ya mwaka hayakupita, na barua za kukumbusha zilikuwa zikienda kwenye anwani ambayo rafiki mwenyewe hakuisoma tena.

Hapa lazima ujue domeni ya .com hufa vipi, kwa sababu haifi siku moja. Muda ukipita, msajili anaweza kukuachia nafasi ya kuilipia kwa bei ya kawaida. Nafasi hiyo haizidi siku 45, na wengine hutoa chache zaidi. Baada ya hapo jina huingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo bado linaweza kurudishwa kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na katika hizo hata ulie hakuna wa kukusaidia. Zikimalizika jina liko sokoni, na kuna programu zinazolingojea kulidaka papo hapo. Jina la nahodha lilikuwa bado kwenye ukombozi. Tulimpata rafiki kwa simu, akalipa usiku ule ule, na wiki hiyo tukaanza kulihamisha.

Barua ya kumwandikia mtu wa aina hii iwe fupi na ya upole. Mwombe mambo matatu: aifungue kufuli, akupe msimbo wa kuhamishia, na athibitishe barua ya msajili ikimjia. Kama nawe una akaunti kwa msajili yule yule, ni rahisi zaidi, atalisukuma jina kutoka akaunti yake hadi yako. Jina likiwa limesajiliwa au kuhamishwa karibuni, linaweza kufungwa siku 60, basi subiri. Usimtishe kwa mahakama. Kwanza, mara nyingi amesahau tu. Pili, mabaraza ya kuamua migogoro ya domeni hayapendi kesi za watu waliokuwa na makubaliano. Watakwambia huo ni mvutano wa mkataba, mpeleke kortini. Kwa hiyo kila ujumbe wa WhatsApp aliokuandikia "tovuti yako iko tayari", na kila risiti ya M-Pesa, uiweke.

Majina ya mahali

Hili nitalipita haraka. Lamu, Shela, Manda, Malindi, Watamu, Gede au Gedi kama wengine waandikavyo: hakuna anayemiliki. Ukiita domeni yako jina la mji na neno house, na mwengine akaita jina la mji na neno villa, huna kesi. Jina la mahali peke yake halikupi haki mpaka liwe limesajiliwa kama alama ya biashara au watu wamelizoea kuwa ni wewe hasa, na hilo la pili ni mlima kuupanda. Ushauri wangu ni kuchagua jina lenye kitu cha nyumba yako ndani yake.

Haki yako inatoka wapi

Watu huniletea cheti cha jina la biashara walichokipata kupitia eCitizen, wakidhani kimemaliza maneno. Hakijamaliza. Kusajili jina la biashara kunakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, na ni ushahidi mzuri wa tarehe, lakini hakukupi umiliki wa neno. Anayekupa hilo ni KIPI, taasisi ya mali ya kiviwanda, ukisajili alama ya biashara. Ombi hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme, na likipita linakulinda miaka 10, unaihuisha tena na tena.

Kama huna alama, bado hujapotea. Waamuzi wa kimataifa hukubali alama ambayo haijasajiliwa, mradi uonyeshe wateja wanakutambua kwa jina hilo. Hapa ndipo nyumba zetu zina utajiri na hazijui. Lile daftari la wageni lenye tarehe na nchi walizotoka, leteni. Ankara za zamani, sifa walizokuandikia wageni kwenye mitandao ya kuwekea nafasi, gazeti lililowahi kuitaja nyumba, picha ya kibao cha mlangoni. Jamaa mmoja wa Mkomani alikuwa akiyatumia madaftari yake ya wageni kuzuia mlango usipigwe na kaskazi. Tuliyaondoa.

Jina lililokosewa kwa makusudi

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe. Tuseme nyumba yako inaitwa Mkunazi. Mgeni amelisikia jina hilo mashuani, upepo unavuma, kisha analiandika usiku kwa simu. Mzungu hawezi kuanza na m na k pamoja, ataandika mukunazi au makunazi, au ataiangusha m abaki na kunazi. Mjerumani ataandika mkunasi. Kwa Malindi, wenye wageni Waitalia, herufi ch wao huisoma k, na j yetu huiandika gi, basi nyumba yenye neno jahazi itatafutwa kama giahazi. Nakushauri usikae peke yako na kamusi ukikisia. Muulize mgeni aliyeko nyumbani sasa hivi aandike jina la nyumba bila kukitazama kibao. Watano wakikosea vivyo hivyo, hiyo ndiyo domeni ya kununua.

Mwizi naye anafanya hesabu hiyo hiyo, tena ana hila zaidi. Ataweka r na n pamoja, rnkunazi, ambayo kwenye kioo kidogo cha simu ni m tupu. Atatumia herufi a ya Kirusi isiyotofautika na yetu kwa macho. Ukilitafuta jina kama hilo kwenye kumbukumbu za msajili utaliona limeanza na xn--, na hapo umemkamata. Ataangusha nukta baada ya www. Au ataacha jina sawa na kubadilisha mkia: .co badala ya .com, ambayo ni ya Colombia, au .cm, ambayo ni ya Cameroon. Mwaka 2006 majina yote ya .cm ambayo hayakuwa yamesajiliwa yalielekezwa kwenye ukurasa wa matangazo, kwa kutegemea tu watu wanaosahau o. Kabla ya hapo, Septemba 2003, Verisign, kampuni inayosimamia .com, ilifanya jambo la jinsi hiyo kwa kila jina la .com na .net lililokosewa. Kelele zikawa nyingi, wakaizima mwanzoni mwa Oktoba. Yaani hata wakubwa walitamani pesa za makosa ya vidole.

Na kuna waliofungwa. John Zuccarini, Mmarekani, alisajili maelfu ya majina yaliyokosewa, mengine ya tovuti za watoto, yakiwapeleka kwenye picha chafu. Alikamatwa 2003 na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 30.

Ununue mangapi? Mimi husema mawili au matatu: lile kosa ambalo wageni wako hulifanya kweli, mkia mwengine mkubwa (.com kama una .co.ke, au kinyume chake), na pengine lisilo na kistari. Yote yaelekeze kwenye tovuti yako. Wanaokuuzia furushi la majina 15 wanakuuzia hofu, na kila mwaka utalipia hofu hiyo.

Ila kununua kosa la jina la jirani, usithubutu. Nimeombwa kazi hiyo zaidi ya mara moja, tena na watu wanaosali safu ya mbele, nikakataa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta, kifungu cha 28, inasema anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, alama au domeni ya mwengine bila idhini wala haki, faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.

Kudai jina la .com

Majina ya .com yanafuata utaratibu uitwao UDRP, uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya intaneti. Kila aliyesajili .com ameukubali ndani ya yale masharti ambayo hakuyasoma. Malalamiko hupelekwa kwa baraza lililoidhinishwa, maarufu likiwa la WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali bunifu, huko Geneva. Huendi Geneva. Kila kitu ni kwa barua pepe, na wakili si lazima, ingawa anasaidia.

Unathibitisha mambo matatu, yote. Kwanza, domeni ni sawa na alama yako au inafanana nayo kiasi cha kuchanganya, na kosa la wazi la tahajia hukubaliwa bila taabu. Pili, aliye nalo hana haki wala sababu halali ya kuwa nalo. Hapa jihadhari: mkunazi ni mti. Mtu wa Tanga anayeuza kunazi kweli kweli ana haki na jina hilo kama wewe, na mgeni aliyeandika tovuti ya kukulaumu tu, bila kuifanyia biashara, yeye pia anaweza kuwa na hoja. Tatu, jina lilisajiliwa kwa nia mbaya na pia linatumiwa kwa nia mbaya. Ni "na", si "au". Kesi nyingi za watu wenye uchungu wa haki huvunjikia kwenye "na" hiyo.

Nia mbaya hujionyesha vipi? Amelisajili ili akuuzie wewe au mshindani wako kwa bei inayozidi gharama zake. Au anawavuta wageni wako wakidhani yeye ni wewe, apate pesa. Au ni mshindani anayetaka kukuvurugia. Ndiyo maana sipendi mteja aanze kwa kutaja bei. Uliza tu kwa adabu kama jina linatumika, umwache ataje mwenyewe, kwa maandishi. Mwaka 2004 kijana wa Kanada aitwaye Mike Rowe alikuwa na MikeRoweSoft.com, jina lake halisi na mzaha kidogo. Microsoft wakampa dola 10, gharama zake. Yeye kwa hasira akataka 10,000, na wale mawakili wakaishika barua hiyo kuwa ushahidi wa nia mbaya. Mwisho wakapatana.

Ada ya WIPO kwa jina moja hadi matano, mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500, karibu laki mbili za kwetu. Waamuzi watatu ni dola 4,000. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na kesi nzima kwa kawaida huchukua kama miezi miwili. Mkipatana kabla mwamuzi hajateuliwa, sehemu kubwa ya ada hurudi. Ukishinda unapewa jina au linafutwa. Fidia hakuna, hata senti. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, kaa na familia mpige hesabu kwanza. Na usidanganye tarehe: ukionekana unamnyang'anya mwenye haki, mwamuzi huandika hivyo hukumuni, na hukumu husomwa na dunia nzima.

Kudai jina la .ke

Kwa .co.ke na .ke, anza kwa KeNIC, ambao wana sera yao ya kutatua migogoro, chini ya kanuni za mwaka 2010 za usimamizi wa majina ya domeni. Juu yao iko Mamlaka ya Mawasiliano. Si kila mkia uko wazi kwa kila mtu: .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ya vyuo, .sc.ke ya shule. Mtu akikuandikia kutoka .co.ke akidai ni ofisi ya serikali inayotoza ada ya utalii, umeshajua. Faida ya .ke ni kwamba msajili yuko Kenya, simu yake inapokewa, na korti inayoweza kumwamuru haiko ng'ambo.

Wageni wakiwa tayari wametapeliwa

Hapa usisubiri miezi miwili. Ikiwa tovuti ya jina lililokosewa imenakili picha zako na inapokea amana za wageni, mambo yafuatayo yafanyike siku hiyo hiyo. Mwandikie msajili wa domeni, na kampuni inayoihifadhi tovuti, kwa anwani zao za kupokea malalamiko ya utapeli. Anwani hiyo ya msajili iko kwenye yale maelezo uliyoyatazama mwanzo. Andika mistari michache: anwani ya tovuti halisi, ya bandia, picha mbili pembeni, risiti ya mgeni aliyelipa. Usiwaandikie historia ya ukoo. Picha zilizoibwa ni silaha nzuri, kwa sababu kampuni za kuhifadhi tovuti huwa nyepesi zaidi kuondoa picha zenye mwenyewe kuliko kuamua jina ni la nani. Ripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na uandikishe polisi upate namba ya kumbukumbu. Mgeni naye aiambie benki yake mara moja. Kisha weka onyo juu kabisa ya tovuti yako, kwa Kiingereza na, kwa watu wa Malindi, kwa Kiitalia, likitaja anwani sahihi na namba moja tu ya kulipia.

Jina likirudi

Hukumu ya UDRP haitekelezwi siku inapotolewa. Msajili hungoja siku 10 za kazi, ili aliyeshindwa akitaka aende mahakamani. Zikipita, fungua akaunti yako mwenyewe, kwa barua pepe isiyotegemea domeni hiyo hiyo, maana domeni ikizimika barua nazo huzimika na hutaweza kuingia. Jaza jina lako au la biashara kwenye nafasi ya mwenye domeni, si la fundi, hata fundi awe mimi. Lipia miaka kadhaa kwa pamoja na uandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani.

Lile jina lililokosewa nalo usiliache likae bure. Lielekeze kwenye tovuti yako, na pia mwambie anayekuhudumia aweke sanduku la barua linalopokea chochote kinachotumwa huko. Wageni waliokuwa wakiandika kwa anwani ya uongo wataendelea kuandika kwa muda, na baadhi yao wameshakata tiketi za ndege.